Maswali ya Wasomaji: Dona chungu, kande ngumu na gunia lenye vumbi

Mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yakishaingia ndani, barua za safu hii hubadilika. Zile za mbegu na mbolea hupungua, zinakuja za jikoni na ghalani. Safari hii nyingi zinahusu nafaka isiyokobolewa: dona, ulezi, mchele wenye pumba lake, ngano nzima. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Nasaga dona debe mbili kwa mpigo ili nisirudi mashineni mara kwa mara. Wiki ya tatu au ya nne unga unaanza kuwa mchungu na kunuka kama mafuta ya zamani. Sembe ya jirani yangu inakaa miezi. Mashine ndiyo mbovu au mahindi? (Mama wa watoto wanne, Mbeya)

Mama, huenda mashine haina kosa na mahindi pia hayana. Dona ina kiini cha punje, na humo ndimo yalimo mafuta ya hindi, zaidi ya robo tatu yake. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungiwa ndani. Ukishaisaga, yanakutana na hewa na vimeng'enya vya kiini chenyewe, na kuanzia saa hiyo yanaharibika polepole. Sembe imeondolewa kiini wakati wa kukoboa, ndiyo maana inadumu, na ndiyo maana pia imepungukiwa vitamini, madini na nyuzinyuzi.

Kwa hiyo tunza punje, usitunze unga. Familia ya watu watano au sita inayopika ugali mara moja kwa siku hutumia takriban kilo moja ya unga. Debe moja la mahindi, ambalo ni kama kilo 18, linawatosha zaidi ya wiki mbili. Saga hilo moja. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, dona nzuri inaweza kuvuka mwezi bila shida. Oktoba na Novemba, joto linapopanda kabla ya mvua, usizidishe wiki tatu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Unga hutoka mashineni ukiwa wa moto. Ukiufunga kwenye kiroba vilevile na kuusogeza pembeni, mvuke unageuka maji kwenye kuta za kiroba, unga unashikana mabonge, na kwenye mabonge ndiko kuvu huanzia. Ukifika nyumbani umwage juu ya kitambaa safi, uutandaze, uuache upoe kabisa. Saa moja inatosha. Halafu uutie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, mbali na mvuke wa jiko na mbali na sabuni au mafuta ya taa, maana unga hudaka harufu haraka. Usimwage unga mpya juu ya mabaki ya zamani. Mabaki hayo yameshaanza kuharibika, nayo yana mayai ya wadudu. Ndoo ioshwe na ikauke juani kati ya usagaji mmoja na mwingine.

Mwenye friji aweke unga humo kwenye chombo kisichopitisha hewa. Utadumu miezi miwili hadi mitatu. Ukiutoa, acha chombo kimefungwa mpaka kipate joto la chumba ndipo ufungue, la sivyo unga utatoa jasho.

Ule uliokwisha kuwa mchungu hauponi. Kuuchekecha hakusaidii, kuukaanga kunaficha harufu tu.

Nimehamia Njombe kikazi kutoka Kyela. Kande nilizokuwa napika saa mbili sasa zinachukua nusu siku na maharage bado yanagonga meno. Nimebadilisha sufuria, nimebadilisha mkaa. Nitie magadi? (Mwalimu, Njombe)

Mwalimu, sufuria na mkaa ni vilevile. Kilichobadilika ni maji. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: karibu nyuzi moja ya selsiasi pungufu kwa kila mita 300. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ipo mita 500 hivi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 98. Njombe inakaribia mita 2,000, kwa hiyo yanatokota kwenye 93 au 94. Ukichochea moto mpaka sufuria iruke, joto la maji halipandi. Unamaliza maji na mkaa bure. Mbeya mjini, penye mita kama 1,700, hali haiko mbali na yako.

Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kabla ya jiko. Chukua vikombe viwili vya mahindi mazima na kimoja cha maharage, kila kimoja kwenye chombo chake. Mahindi yamwagie maji ya moto, si ya bomba, kwa sababu maji ya baridi ya Njombe huingia punjeni polepole mno, kisha yaache saa 12 hadi 18. Maharage yanatosheka na saa 8. Maji ya kulowekea yote mwaga. Anza na mahindi peke yake kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Yakishachemka, punguza moto yatokote taratibu, funika, uyape saa moja na nusu. Ndipo uongeze maharage. Kwa dakika 10 za mwanzo chemsha kwa nguvu, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto hafifu hauiondoi, kisha urudishe moto mdogo kwa saa moja hadi moja na nusu. Maji yakipungua ongeza ya moto. Nyanya, ndimu na chochote kichachu vingoje hadi maharage yameiva, kwa sababu uchachu hukaza ganda lake.

Hapo umepika kande za mahindi yasiyokobolewa, na ganda la hindi litabaki na utafuno kidogo. Hilo ni umbile lake, usilihesabu kama ubichi. Kipimo ni moyo wa punje: ibonye kwa vidole, isiwe na kitu cheupe kikavu katikati.

Magadi yanalainisha kweli, ila yanaua vitamini B1 na kuongeza chumvi mwilini. Ukishindwa kabisa, tia robo ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima, basi. Sisi tungependekeza fedha hiyo na ya mkaa ielekezwe kwenye sufuria ya presha. Hiyo huzuia mvuke na kupandisha joto la maji juu ya nyuzi 100 hata ukiwa Makete. Mahindi yaliyolowekwa, dakika 45 tangu presha ianze kulia. Acha ipoe, fungua, ongeza maharage yaliyolowekwa, dakika 20 nyingine. Usijaze zaidi ya nusu: nafaka huvimba, na povu lake huziba tundu la mvuke.

Jambo la mwisho ni umri wa maharage. Yaliyokaa zaidi ya mwaka mahali pa joto na unyevu hukomaa ganda kiasi kwamba hayaivi vizuri hata ukeshe. Ukinunua sokoni, uliza ni ya msimu gani. Chagua yenye rangi angavu, kwa sababu ya njano yaliyogeuka kahawia yamezeeka.

Kamwene! Nimesikia kwamba sumukuvu ipo zaidi kwenye dona kuliko kwenye sembe. Miaka yote tunaambiwa dona ni afya. Tushike lipi? (Msomaji wa Mufindi, Iringa)

Kamwene msomaji wetu. Shika yote mawili, kwa sababu yote ni kweli.

Kuvu hushambulia hindi kuanzia nje na kwenye kiini. Kukoboa huondoa sehemu hizo, na sumu nyingi huondoka na pumba. Dona inasaga vyote. Kwa hiyo mahindi yakiwa safi na makavu, dona ni chakula bora kuliko sembe bila ubishi. Yakiwa na mashaka, yaani yalinyeshewa shambani, yalirundikwa mabichi, au yana punje nyingi zilizovunjika, dona ndiyo chaguo baya zaidi kati ya mawili. Hatuoni aibu kumwambia mtu wa namna hiyo akoboe msimu huu. Ila pumba la mahindi ya aina hiyo usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa ambayo mtoto atakunywa jioni.

Joto la jikoni haliiondoi. Ugali ukiiva vizuri namna gani, sumu inabaki, na haina ladha wala harufu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi ya nyumbani kwao. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo moja ya mahindi, kitu ambacho jicho haliwezi kukipima. Jicho linaweza kupunguza hatari, na hapo ndipo kazi ya ungo inapoanza.

Chambua kabla ya kusaga, kwenye mwanga wa jua. Toa punje zenye kijani au njano ya ukungu, zenye waridi au weupe wa pamba (huo ni ukungu wa aina nyingine unaopenda baridi na unyevu wa kwenu Mufindi, nao una sumu yake), zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Kisha osha: zinazoelea zitupe bila huruma, kwa maana nyepesi ndizo zilizoliwa ndani na sehemu kubwa ya sumu hukaa humo. Baada ya kuosha, anika hadi zikauke tena kabisa ndipo upeleke mashineni. Anayeosha asubuhi na kusaga mchana anatengeneza tatizo jipya.

Nina magunia sita ya mahindi ya chakula. Kila mwaka ifikapo Desemba nakuta vumbi la unga chini ya magunia. Nimeshauriwa kuweka vidonge. Mnasemaje? (Baba wa familia, Mbozi)

Baba, tuanze na vidonge. Vidonge vya kufukizia vinatoa gesi inayoua binadamu kama inavyoua mdudu, na haina dawa ya kuizima ikishavutwa. Ni kazi ya wataalamu kwenye maghala yaliyofunikwa na yasiyolalwa na mtu. Nyumba yenye chumba cha mahindi kinachopakana na chumba cha watoto haifai kuwa na kidonge hata kimoja.

Vumbi jingi kama unga ni alama ya dumuzi. Fukusi wa kawaida hutoboa na kuacha vumbi kiasi, lakini dumuzi husaga gunia. Wote wawili wanahitaji hewa, na hilo ndilo la kuwanyima. Mifuko ya PICS, au mingine ya aina hiyo isiyopitisha hewa, ina tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba nje. Wadudu waliomo wanamaliza hewa wenyewe, wanaacha kula na kuzaliana, hatimaye wanakufa. Hakuna dawa inayohitajika.

Mfuko huo hausamehe unyevu. Ukifungia mahindi mabichi unayachemsha kwa joto lake yenyewe na kuyaozesha. Lengo ni unyevu wa asilimia 13. Kama hakuna kipimo kwa afisa ugani, tumia chupa na chumvi: chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko, chumvi kavu vijiko vichache, mahindi hadi theluthi ya chupa. Tikisa dakika mbili, acha itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudi kwenye turubai. Isipoganda, umeshuka chini ya 15. Kwa gunia la kawaida inatosha, lakini kwa mfuko usiopitisha hewa ongeza siku moja au mbili za jua kali. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo, tabaka lisizidi sentimita 4, ukigeuza kila saa. Jioni funika kabla umande haujashuka. Mbozi asubuhi umande ni mwingi, usikimbilie kuanika saa moja.

Siku ya kujaza, puliza hewa kila mfuko wa ndani na uubane mdomo usikie kama unavuja. Peta mahindi, toa magunzi na chochote chenye ncha. Jaza ukishindilia kwa mkono hadi pembeni, acha shingo ya kutosha kufungia, sokota na kukunja mfuko wa kwanza uufunge kwa kamba, halafu wa pili, halafu kiroba. Viweke juu ya chaga, mbali na ukuta kwa nusu mita, paka akiwepo. Tundu moja la panya linarudisha hewa na kazi yote imekwenda. Usifungue mfuko kwa udadisi kabla haujatimiza mwezi mmoja hadi miwili tangu uufunge. Ukiufungua wa kula, umalize kabla ya kwenda kwa unaofuata, na ufunge upya kila unapochota.

Ukiamua kutumia dawa ya unga kwenye magunia ya kawaida, iwe ile iliyosajiliwa kwa nafaka ya chakula, kwa kipimo na muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti. Kuongeza kipimo hakuui dumuzi zaidi, kunaongeza kinachoingia kwenye ugali.

Mtoto wangu ana miezi minane. Unga wa lishe wa nafaka saba, karanga na soya ndani, unamfaa? Na uji wake uwe mzito au mwepesi? (Dada wa Tukuyu)

Dada, hesabu ya saba haina siri yoyote. Nafaka zote zinafanana kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo kuongeza ya tano na ya sita hakuleti protini mpya. Na kila iliyoongezwa inaiva kwa muda wake. Ulezi peke yake, au ulezi na mahindi nusu kwa nusu, unatosha. Ulezi una kalsiamu kuliko nafaka nyingine zote za kawaida, karibu miligramu 340 kwa gramu 100.

Karanga na soya zikisagwa humo zinafupisha maisha ya unga kwa sababu ya mafuta, na karanga ikiwa na sumukuvu inaharibu mfuko mzima. Soya mbichi ina viini vinavyozuia usagaji wa protini, lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kwanza. Njia safi zaidi: saga nafaka peke yake, uji ukiiva tia kijiko kimoja cha karanga ulizochambua na kuzitwanga laini nyumbani, au usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) mkavu uliosagwa. Kabla ya kusaga, ulezi uoshe kwa maji mara tatu hadi nne ukiacha kichanga kitulie chini, na uuanike.

Uzito: uji wa kikombe kimoja cha unga na vikombe nane vya maji unapita vizuri kooni lakini umejaa maji, na tumbo la miezi minane ni dogo. Pika mzito, kikombe kimoja kwa vinne, dakika 15. Ondoa jikoni, acha dakika kama tano usiwe unatokota, kisha tia kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi kwa kila kikombe cha uji na ukoroge. Utaona ukilegea mbele ya macho. Vimeng'enya vya kimea vinakata wanga, uji unakuwa mwepesi bila kuongeza maji. Rudisha jikoni uchemke dakika tatu, kwa sababu kimea hubeba vijidudu. Ukikitia uji ukiwa unatokota, vimeng'enya vinakufa na uji haulegei.

Kimea chenyewe: ulezi uliooshwa, ulowekwe saa 12, uchujwe, ufunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, unyunyiziwe asubuhi na jioni. Kwa joto la kawaida ni siku mbili, kwa baridi ya Tukuyu mwezi wa saba hata nne. Mizizi ikifika urefu wa punje, anika, fikicha ili iondoke, saga. Kikitoa harufu ya uozo au utando, tupa. Usitumie kimea cha mtama kwa mtoto bila kuondoa machipukizi yote, kwani yana kiasi cha sumu ya sianidi.

Nimeomba mchele usiokobolewa mashineni, wakanicheka. Unapatikana wapi na unapikwaje? (Msomaji, Mbarali)

Mashine nyingi ndogo za vijijini hutoa ganda na pumba kwa pigo moja, haziwezi kutenganisha. Tafuta yenye roli za mpira, uombe mpunga upite kwenye roli tu bila kung'arishwa. Utatoka wa rangi ya kahawia, una mafuta kama dona, kwa hiyo chukua wa miezi miwili tu, uhifadhi kwenye chombo kinachobana.

Osha, loweka saa moja. Kikombe kimoja cha mchele, vikombe viwili na nusu vya maji. Ukiwa juu mlimani ongeza robo. Ukichemka, funika, moto mdogo, dakika 45 hadi 50 bila kufunua, kisha dakika 10 nje ya jiko. Ukifunua kila mara mvuke unatoka na juu unabaki mbichi huku chini umeshika sufuria. Kiporo chake kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kikipashwa kiwe moto hadi katikati.

Chapati za atta (unga wa ngano nzima) zinakauka na kupasuka. (Makambako)

Vipande vya pumba vinakata mvutano unaoshikanisha unga. Changanya vikombe viwili vya atta na viwili vya unga mweupe, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, kanda unga ukiwa laini kuliko unavyodhani inafaa, na uufunike dakika 40 kabla ya kukata madonge ili pumba linywe maji. Kikaango kiwe na moto wa kutosha: kikiwa vuguvugu, chapati inakaa muda mrefu na kukauka kabla ya kuiva.

Baba mkwe ana kisukari. Akila dona anaweza kula kiasi chochote? (Iringa mjini)

Hapana. Dona hupandisha sukari polepole kidogo kuliko sembe, lakini bado ni wanga. Bonge la ukubwa wa ngumi yake, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na maharage au samaki pembeni. Kama anatumia dawa au sindano, mpango wa chakula uende pamoja na kliniki yake, kwa sababu kupunguza ugali ghafla bila kurekebisha dawa kunaweza kushusha sukari kupita kiasi.